Namba Kumi na Nne

Shati la Idara ya Maji lilikuwa na vifungo saba, na Rula alipomaliza kuvifunga vyote kifuani mwa mdogo wake, chai ilikuwa imeshapoa. Si kwamba vidole vyake vilikuwa vizito. Kifua chenyewe ndicho kilichokuwa hakitulii. Bega la kushoto lilipanda likashuka. Kichwa kikageuka ghafla, kama cha mtu aliyeitwa kutoka nyuma. Mkono ukajirusha nje, ukagonga kabati, kisha ukarudi pajani ukakaa kwa adabu, kana kwamba haukufanya neno.

"Dada, usinifunge kama kifurushi," alisema. Maneno yake yalitoka yakiburuzana, kila moja likikanyaga visigino vya lililotangulia. "Watu hulipa kiingilio kutazama dansi. Wewe unatazama bure, na bado unanikunjia uso."

"Tulia basi."

"Mimi nimetulia. Ni huyu mwingine asiyetulia."

Kazini walimwita Dansa. Hapo mwanzo lilikuwa jina la utani tu, la kuchangamsha asubuhi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa vali. Alijua kila kifuniko cha chuma kilichokuwa chini ya mitaa ya mji, na angeweza kukufungia maji ya kata nzima akiwa amefumba macho. Kisha spana ikaanza kumponyoka. Kisha miguu ikajitafutia mwendo wake yenyewe, mwendo wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe ambayo wengine hawayaoni. Msimamizi wake aliandika mara kumi na moja, kwa maneno yaleyale: *Amefika kazini akiwa amelewa.* Mkewe naye, aliyekuwa amelala ubavuni mwake miaka yote hiyo bila kusikia harufu ya pombe, aliwachukua watoto wawili akahamia kwa ndugu zake, "mpaka utakapoiacha hiyo chupa."

Sasa barua ilikuwa imekuja. Kamati ya Nidhamu ingekaa Alhamisi. Ikiamua kwamba ni ulevi, Dansa angefukuzwa bila pensheni na bila kadi ya matibabu, na nyumba ya Idara angeirudisha ndani ya siku thelathini. Ikiamua kwamba ni ugonjwa, angestaafishwa kwa heshima, na watoto wake wangekuwa na paa la kurudia. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Rula alimshika mkono kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto barabarani, wakaenda hospitalini.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mgeni wa miezi mitatu tu katika hospitali hiyo. Hakuuliza habari za pombe. Alimwambia Dansa atoe ulimi na auache nje mpaka atakapohesabu kumi. Ulimi ulitoka, ukarudi ndani kabla ya tatu, ukatoka tena, ukarudi. Akampa vidole viwili avibane bila kuachia. Dansa akabana, akalegeza, akabana, akalegeza.

"Kama anayekamua ng'ombe," alisema daktari taratibu, akijisemea mwenyewe zaidi kuliko kuwaambia wao. Kisha akainua uso. "Nyumbani kwenu, nani mwingine alikuwa hivi?"

Ndugu wawili walitazamana.

"Baba," alisema Rula.

"Na kabla ya baba?"

"Shangazi. Na baba mdogo, aliyetumbukia kisimani."

"Waliambiwa wana nini?"

"Kila mmoja aliambiwa lake."

Daktari aliweka kalamu chini. Alieleza kama mtu aliyezoea kueleza na kutoeleweka, akipima kila neno. Alisema ni ugonjwa wa nadra, wa kurithi, unaoula ubongo polepole. Hauletwi na pombe. Hauletwi na mkono wa mtu wala na laana. Mzazi akiwa nao, kila mtoto anazaliwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuubeba. Haubagui wa kiume wala wa kike. Wala haujionyeshi mapema. Mara nyingi humngoja mtu akomae, aoe, azae, ndipo ubishe hodi.

"Una adabu," alisema Dansa. "Unamngoja mtu amalize sherehe."

"Kila mtoto?" aliuliza Rula.

"Kila mtoto, dada." Daktari alimtazama usoni, kisha akayarudisha macho yake kwenye karatasi, kama anavyofanya mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mwenziwe ndani. "Kipimo cha damu hakifanyiki hapa. Tunaipeleka nje ya nchi. Majibu ni miezi minne, mitano, kama haikuharibika njiani."

"Kamati inakaa Alhamisi."

"Nitaandika barua. Lakini nitaandika ninachokijua tu: kwamba dalili zake na historia ya ukoo zinaelekea kwenye ugonjwa huu. Wakiuliza hiyo historia imeandikwa wapi, wataelekezwa kwenye vitabu vya hospitali." Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Bahati nzuri, nimesikia mtunza vitabu ni wewe."

Rula hakutabasamu.

Alikuwa karani wa Kitengo cha Kumbukumbu kwa mwaka wa kumi na tisa. Wenzake walimpa jina la Rula kwa sababu hapakuwa na mstari uliopinda katika rejista zake. Aliandika kwa wino mweusi, herufi zikiwa zimesimama kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu, na alijua kitabu cha kila mwaka kilikaa rafu gani, cha ngapi kutoka ukutani. Mchana huo wenzake walipokwenda kula, alipanda ngazi, akakiteremsha cha miaka tisa iliyopita, akakifungua mwezi wa kumi na mbili. Hakuwa na haja ya kutafuta. Kitabu kilifunguka kama mtu aliyekuwa akingoja aulizwe.

Jina la baba. Umri wa baba. Na katika safu ya chanzo cha kifo, kwa mwandiko wake yeye mwenyewe, ulionyooka: *14. Ulevi.*

Baba yao hakuwahi kuonja pombe tangu azaliwe mpaka anafukiwa.

Utaratibu ulikuwa huu. Makao makuu yalikuwa yametoa orodha ya vyanzo vya vifo, arobaini kwa jumla, na kila marehemu alipaswa kupewa namba yake. Namba ya mwisho iliitwa *Mengineyo*, kwa ajili ya wale ambao daktari hakujua kilichowaua. Lakini Mengineyo haikutakiwa kuzidi watano katika kila mia moja. Ikizidi, taarifa ya mwaka ilirudishwa ikiwa na wino mwekundu, na hospitali iliandikwa kuwa haijui inachokifanya. Kwa hiyo kila Desemba makarani waliketi na orodha ya Mengineyo, wakaigawa. Waliuita "kupanga wageni." Aliyekufa akitapatapa alipelekwa kifafa. Aliyekufa akisema ovyo, wazimu. Mtoto aliyevuja damu kwenye kiungo bila kupigwa aliandikwa amepigwa. Ilikuwa kazi ya mikono mingi na mazungumzo mengi, na chai ilinywewa humo humo.

Mwaka ule Rula alirudi kazini siku ya nne baada ya kumzika baba, akaikuta fomu yake juu ya rundo. Daktari wa zamani alikuwa ameandika: *Kutikisika kwa mwili, muda mrefu. Sababu haijulikani.* Mengineyo ilikuwa imeshafurika. Mkuu wa Kitengo aliinama juu ya bega lake, akasema kwa sauti ya pole: "Si alikuwa akipepesuka? Mpe kumi na nne, tumalize." Akampa. Hata machozi hayakudondokea ukurasa. Alikuwa ameuweka mbali kidogo, wino usije ukatawanyika.

Alishusha vitabu vingine. Shangazi alikuwa namba kumi na tisa, wazimu. Baba mdogo alikuwa namba saba, ajali. Watu watatu wa tumbo moja walikuwa wamelazwa katika vyumba vitatu visivyo vyao, na hakuna daktari ambaye angewaona wakiwa pamoja. Akageuza ukurasa, kisha mwingine. Sasa aliwaona na wa nyumba nyingine, wageni wote aliowapanga, wakimtazama kutoka kwenye mistari aliyoipiga yeye: ndugu wanne wa jina moja la ukoo, waliokufa kabla ya kutimiza miaka sita, kila mmoja kwa namba yake; mama na bintiye, wote wawili *wazimu*, katika umri uleule. Wenzake waliporudi kutoka kula walimkuta bado amesimama juu ya ngazi.

"Rula, umeona mzimu?" alimtania mmoja.

"Nahesabu," alisema.

Jumatano asubuhi Mkuu wa Kitengo alimwita. Alikuwa mtu mpole, aliyeongea kama anayembembeleza mtoto alale. Juu ya meza yake palikuwa na ombi la Idara ya Maji: nakala iliyothibitishwa ya taarifa ya kifo cha baba wa mtumishi wao.

"Nakili wewe, mama. Mwandiko wako hata kipofu anausoma."

"Mkuu, taarifa ile si sahihi."

"Ina muhuri?"

"Ina muhuri."

"Ina saini yangu?"

"Inayo."

"Basi ni sahihi."

"Baba hakunywa pombe maisha yake yote. Na wewe ulimjua."

"Nilimjua sana. Mzee mstaarabu. Siku ya harusi yako tuliketi meza moja, watu wanainua bilauri, yeye anakunywa maji." Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Lakini nilimjua mimi, mama. Rejista haikumjua."

"Tuisahihishe."

Mkuu alisimama, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Sahihisho linataka saini ya aliyeandika, saini ya aliyethibitisha, na sababu. Kwenye sababu tuandike nini? Kwamba tuliwapanga wageni? Watauliza tuliwapanga wangapi. Umewahi kuwahesabu?"

"Nilianza juzi."

"Ukafika wapi?"

"Mia tatu na kumi. Niliishia rejista ya nne."

Mkuu aliutazama mlango aliokuwa ameufunga. Kutoka korido ilisikika toroli ikipita, gurudumu lake moja likilia.

"Kila mmoja katika hao ana watoto wake, mama," alisema.

Alilisema kama sababu ya kunyamaza.

"Halafu jiulize," aliendelea, "mwandiko ni wa nani? Mimi nina miezi mitano nistaafu. Wewe una binti chuoni. Nakili kama ilivyo."

Alipewa meza ya pembeni, kitabu, fomu na kalamu. Hapakuwa na mtu aliyemsimamia. Hakuna aliyewahi kumsimamia. Kuigeuza kumi na nne iwe arobaini kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Alilifikiria jambo hilo kwa utulivu, kama afikiriavyo mambo yote. Kamati ikikiita kitabu, nakala na asili zingepingana, na Dansa angeonekana mlevi aliyebebwa na dada mghushi. Nakala ikilingana na kitabu, yeye angesimama aeleze kwa mdomo wake. Aliyeandika ndiye angekuwa shahidi. Nani angebisha na aliyeandika? Hivyo ndivyo alivyojipangia, hatua kwa hatua, naye hakuona panapovuja. Akaandika kumi na nne kwa mara ya pili, akapuliza wino ukauke.

Chumba cha kamati kilikuwa ghorofa ya kwanza ya Idara ya Maji. Ukutani palikuwa na mchoro wa mabomba ya mji mzima, na mezani jagi la maji na glasi nne. Mwenyekiti alikaa katikati. Katibu, mama mwenye miwani ya kamba, alikaa kuliani kwake. Msimamizi wa Dansa aliketi pembeni na faili lake. Rula aliruhusiwa kuingia kama ndugu. Dansa alikalishwa kwenye kiti chenye mikono, naye aliikumbatia mikono ya kiti hicho kama mtu aliye kwenye gari linaloshuka mlima.

Mwenyekiti aliisoma barua ya daktari mara mbili.

"Anasema dalili *zinaelekea*. Zinaelekea wapi? Sisi hapa tunaamua juu ya kilichofika."

"Damu itapelekwa kupimwa nje, mheshimiwa," alisema Rula. "Majibu ni miezi mitano. Tunaomba kamati isubiri."

"Anasema pia historia ya ukoo. Tukaiomba. Hospitali wametuletea, nawashukuru kwa kuwahi." Alinyanyua nakala. "Marehemu baba wa mtumishi. Chanzo cha kifo: ulevi."

Msimamizi alicheka puani. Mwenyekiti naye hakuweza kujizuia.

"Kumbe daktari kasema kweli. Ni ya kurithi!"

Hata Katibu alitabasamu, akainamia daftari lake.

Rula alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno tangu usiku, na yalitoka kwa mpangilio: orodha ya arobaini, Mengineyo, wino mwekundu, Desemba. Alieleza juu ya shangazi na baba mdogo. Alieleza kwamba baba alikunywa maji. Walimsikiliza bila kumkatiza, na hilo lilimpa moyo.

"Nani aliandika hii namba kumi na nne?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mimi."

"Na nakala hii ya jana?"

"Mimi."

"Ulishikiwa bunduki?"

"Nilifuata utaratibu."

"Vizuri. Nasi tunafuata." Alivua miwani. "Kwa hiyo unaiambia kamati kwamba wewe, mtumishi wa umma, uliandika uongo juu ya maiti ya baba yako. Jana ukauandika tena, ukaugongea muhuri. Leo umekuja kusema kweli."

"Ndiyo."

"Sasa tukusadiki lini, dada? Ulipokuwa unaandika, au unapokuwa unaongea?"

Rula alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, hakujua kinachofuata kiandikwe safu gani.

"Katibu," alisema Mwenyekiti, "maelezo hayo yaandike yote. Nakala moja iende hospitalini, kwa mkuu wake wa kazi."

Kalamu ya Katibu ilikwaruza. Hapo ndipo Dansa alipoachia mikono ya kiti.

"Mwenyekiti, ninuse."

"Nini?"

"Ninuse mdomo. Huyo hajaninusa hata siku moja." Alimnyooshea Msimamizi kidole, na kidole kikaenda kwa Katibu, kikaenda dirishani. "Kumi na moja kaandika, pua yake haijanisogelea. Ninuse wewe!"

Aliinuka na kuielekea meza. Alikuwa na nia ya kuinama tu kwa heshima. Lakini goti lilikataa, bega likaruka, na mkono ukapita juu ya meza ukalizoa jagi pamoja na glasi zake. Maji yalitapakaa juu ya faili, yakachuruzika mapajani mwa Mwenyekiti. Dansa alibaki amelalia meza, uso wake shubiri moja kutoka kwa uso wa Mwenyekiti, akihema, pumzi yake ikinuka chai ya maziwa.

"Mnaona?" alisema Msimamizi. "Mnaona wenyewe?"

Mwenyekiti alijipangusa kwa leso. Alikuwa karibu mno kiasi cha kutoweza kukosa kunusa. Aligeuza uso.

"Mpeni barua yake."

Katibu aliitoa kwenye bahasha iliyokuwa kavu, kwa kuwa ilikuwa ndani ya mkoba wake muda wote. Ilikuwa imeshapigwa chapa. Rula, ambaye macho yake yalizoea kuanzia juu kuliani, aliona tarehe: ya jana.

"Atie saini hapa, kwamba ameipokea," alisema Katibu.

"Hawezi kushika kalamu," alisema Rula.

"Ni lazima apokee, mama. Asipopokea, kesi haijafungwa, na mimi sina pa kuiweka."

Dansa alichukua kalamu. Ncha ilitoboa karatasi, ikaichana mpaka chini. Katibu hakukasirika, alivuta nakala ya pili, akafungua kibati cha wino, akakisogeza.

"Dole gumba, basi. Tumzoee mtu alivyo."

Dole gumba lilipakwa wino, likawekwa kwenye kisanduku, likateleza likaacha mkia mrefu mweusi kama wa kiluwiluwi. Nakala ya tatu: mikia miwili. Msimamizi alitazama saa yake. Nje ya mlango kulikuwa na watu wengine kwenye benchi, wakisubiri kuitwa, na mmoja wao alikuwa akikohoa.

"Msaidie, mama," alisema Katibu. "Wewe ndiye dada yake. Mshike vizuri. Hii ni ya mwisho, sina nyingine."

Rula alizunguka meza, akasimama nyuma ya mdogo wake. Alikishika kiganja chake kwa mikono yake yote miwili, akalikunja dole gumba mbele, akalishusha polepole juu ya kisanduku. Akaegemeza uzito wake wote. Dansa naye alijikaza, meno yameumana, shingo imesimama mishipa. Wote wawili walizuia pumzi.

Katibu aliinama akatazama. Chini ya rundo lile la vidole karatasi ilikuwa ikicheza, ikigonga ubao wa meza, tik tik tik, kama mtu anayebisha kwa ukucha.

"Tulieni, basi," alisema. Akaitazama mikono mitatu, akainua macho, akawatazama wenyewe, mmoja baada ya mwingine. "Ni nani kati yenu anayetikisika?"

Dansa aligeuza shingo kumtazama dada yake. Hakumfanyia mzaha. Ili kujua, ilibidi mmoja amwachie mwenziwe, na Rula alizidi kukandamiza, macho yamekwama kwenye kisanduku, huku wino ukiendelea kutambaa nje ya mstari.